Habari za Jumatatu

Shule anayosoma binti yangu ina utaratibu wa mzazi wa zamu. Kila Jumatatu mzazi mmoja hukaa nyuma ya darasa la kwanza mpaka mapumziko. Anachonga penseli, anafunga kamba za viatu, anawasindikiza chooni waliobanwa. Mwalimu ana watoto wengi kuliko viti, kwa hiyo mkono wa ziada unamfaa. Mume wangu hajawahi kwenda. Anasema hizo ni kazi za akina mama, ingawa baba wa mapacha huenda, na anasifiwa kwa penseli zenye ncha kuliko sisi sote.

Jumatatu hiyo ilikuwa ya baba mapacha. Alipata safari, akaniomba tubadilishane, nami nilikuwa sina zamu kazini, nikakubali. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wameniuliza kama nilikwenda kuvizia. Sikwenda kuvizia mtu. Nilikwenda kuchonga penseli.

Mimi ni mpiga picha za eksirei hospitalini. Nina stashahada yangu, nina zamu za asubuhi na za jioni, na mdogo wangu wa kike anaishi nasi ili ampokee mtoto nikiwa kazini. Mume wangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Mtoto tunaye mmoja. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Baba yake peke yake humwita "mama", maana amepewa jina la mama yake mzazi.

Kama hujaingia darasa la kwanza siku nyingi, ingia. Mwanzoni mwa mwaka watoto wale walikuwa wananing'inia kwenye nguo za mama zao getini, mmoja alimng'ata mlinzi. Sasa wanapanga mstari bila kusukumwa. Wanaomba ruhusa ya kutoka. Wanahesabu kwa vizibo vya soda, wanavirudisha kwenye kopo bila kuibiana, au wakiibiana wanaibiana kwa adabu. Irabu wameshamaliza, wako kwenye silabi. Na wamejifunza kitu ambacho nusu ya watu wazima ninaofanya nao kazi hawakijui: kumsubiri mwenzako amalize kusema.

Kipindi cha kwanza cha Jumatatu ni habari. Mwalimu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira, aliuliza kwa faida yangu:

"Habari ina nini na nini?"

"Ina nani! Ina lini! Ina wapi! Imekuwaje!"

"Na lazima iwe…?"

"Ya kweli!"

Akasimama mtoto asiye na meno ya mbele. "Jana, nyumbani, paka wetu alizaa kwenye nguo za baba."

"Baba akasema nini?"

"Akasema leo haendi kazini. Paka amelalia suruali."

"Asante kwa habari!" darasa likaitikia.

Akasimama mmoja wa mapacha. "Baba yetu anakoroma."

"Lini?"

"Kila siku."

"Wapi?"

"Mdomoni."

Nilicheka mpaka kichongeo kikanidondoka. Nilikuwa bado nacheka Chiriku alipopewa nafasi. Alisimama, akaniangalia. Kisha akaangalia ubao, akaangalia ukuta, akaangalia wenzake, kama mtu anayehakikisha yuko wapi.

"Mwalimu, habari yangu ni ileile."

"Iseme tu. Leo mama yupo."

"Shule zikifungwa, mimi nitahamia kwa bibi. Nitasoma hukohuko. Mama atakuwa anakuja kunisalimia."

"Asante kwa habari!"

"Mwalimu, hiyo alishaisema!" mtoto wa mbele akalalamika.

"Na ile Jumatatu nyingine pia!"

"Tulieni. Mwenzenu anahama, mwacheni aiseme mpaka aizoee." Mwalimu akanigeukia na tabasamu la pole. "Tutamkumbuka sana, mama. Hata wimbo wa kumuaga tumeanza kujifunza."

Nilikuwa na penseli mkononi, nikaendelea kuichonga. Kazini kwetu unafundishwa kutobadilisha uso. Mgonjwa huanza kukusoma wewe kabla hajafika kwa daktari, na mimi si daktari. Basi sikubadilisha uso. Nilichonga tu, mpaka mwenye penseli akaja kuchungulia, akaona kimebaki kipande cha kushikwa kwa kucha, akaangua kilio.

Kengele ya mapumziko ilipolia nilimfuata mwalimu mezani kwake.

"Mwalimu, nani alikuambia anahama?"

Alianza kucheka, akaacha katikati. "Si baba yake? Alikuja hapa. Akasema wewe umebanwa na zamu, umemtuma."

"Alisema nimemtuma."

"Alisema wazo lenyewe ni lako, mama. Kwamba bibi amebaki peke yake tangu babu afariki, na wewe, kwa moyo wako, ndiye uliyesema mtoto akakae naye. Mimi nikamwambia, huyo mke wako ana roho. Mimi nisingeweza."

"Hata mimi nisingeweza."

Tukatazamana. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele kama kawaida.

"Mwalimu mkuu ameshazungumza na shule ya kule," alisema, sauti ya uwanja wa mpira ikiwa imemwisha. "Nafasi wamemwekea. Mama, mimi sikujua kabisa."

"Najua hukujua. Usiendelee na huo wimbo."

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu sebuleni anapiga pasi sare.

"Dada, mbona mapema?"

"Tangu lini unajua?"

Hakuuliza kujua nini. Aliangalia pasi. Hapo ndipo nilipopata jibu, mengine yote yalikuwa maelezo.

"Dada, mimi ni nani niingilie mambo ya mume na mke?"

"Wewe ni mdogo wangu. Tumelala kitanda kimoja mpaka siku niliyoolewa, ukinipiga mateke."

"Shemeji alisema atakuambia mwenyewe. Alisema anatafuta siku nzuri."

"Na siku nzuri ni ipi? Nikirudi kazini nikute kitanda kitupu?"

"Usiseme hivyo."

"Toa pasi kwenye kola, unaunguza."

Aliitoa. Alikuwa ameshaunguza. Nikamuuliza ameahidiwa nini, akasema hakuahidiwa kitu, shemeji alimwambia tu kwamba mtoto akiondoka naye atakuwa huru kuanza kozi yake ya ushonaji. "Mimi pia nina maisha, dada. Kila siku mimi na mtoto, mtoto na mimi."

"Ungeniambia umechoka. Ningetafuta mtu."

"Ningekuambiaje? Wewe mtu akikuletea jambo unamuuliza maswali mpaka anasahau alichokuja kusema!"

Hilo lilikuwa kweli. Halikuwa jibu, lakini lilikuwa kweli. Nikachukua funguo, nikaenda kumpokea mtoto mwenyewe.

Chiriku alifurahi kuniona getini kwa mara ya pili siku moja. Njia nzima alinieleza habari za yule paka wa suruali, kwamba watoto wake hawajafumbua macho, na kwamba macho ya paka hufunguka yenyewe bila kumwagiwa maji. Kwenye karakana ya mchomeleaji aliziba macho kwa mikono, kama nilivyomfundisha, asitazame cheche. Nilimwacha aseme. Tulipofika nilikaa naye kizingitini, nikamvua viatu.

"Ile habari yako ya leo. Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Si nimekuambia leo?"

"Nyumbani. Mbona hukuniambia nyumbani?"

Alinitazama kwa uvumilivu, kama mtu mzima anayeulizwa swali jepesi. "Nyumbani haisemwi. Baba alisema umeshakubali, ila ukitajiwa unalia. Mimi sikutaka ulie. Sasa leo tulikuwa shule, na shule habari lazima isemwe." Kisha akaongeza kwa fahari, "Na hukulia. Nilikuangalia."

"Sikulia."

"Eee. Nitamwambia baba hukulia."

Nilizikung'uta soksi zake, ingawa hazikuwa na mchanga. "Chiriku, wewe unataka kwenda kukaa kwa bibi?"

Alifikiri. Yeye hufikiri kwa kuvuta sikio. "Kule nina chumba changu. Na bibi asubuhi yupo." Akavuta sikio tena. "Halafu wewe hutaki nikae hapa. Lakini si kwa ubaya. Baba alisema si kwa ubaya, nikikua nitaelewa."

Nimewahi kupiga picha mifupa iliyovunjika vipande ambavyo huwezi kuvihesabu, ya watu wanaokuambia hawajambo. Nilimwambia mwanangu aende anawe mikono.

Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikasimama katikati ya chumba nikiwa nimeshika soksi. Nilitaka kuelewa vizuri nilichofanyiwa, maana hasira isiyojua inakwenda wapi inapiga kila mtu. Mume wangu angeninyang'anya mtoto, ningepigana naye. Angeniambia usoni kwamba mimi si mama wa kutosha, tungegombana, majirani wangesikia, yangeisha. Hakufanya hivyo. Alinifanya niwe nimemtoa mwenyewe. Na mtoto alikuwa amelibeba hilo kimya, siku zote hizo, akinipa busu la kwaheri nikienda kazini, akinihurumia mimi. Kila Jumatatu alisimama mbele ya wenzake akasema mama yake amekubali aondoke, wakamshukuru.

Mume wangu alirudi jua bado lipo, na mkoba wake wa vifaa begani. Niliwatuma mdogo wangu na Chiriku dukani kununua sabuni tuliyokuwa nayo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Bado yuko hapa. Shule hazijafungwa."

Aliuteremsha mkoba polepole. "Nani amekuambia?"

"Darasa la kwanza."

"Nani wa darasa la kwanza?"

"Wote. Wanajua wote, na mama zao, na walinzi. Mwanao husimama kila Jumatatu anatangaza. Ni somo."

"Somo?" Alishangaa kwa dhati, na mshangao wake uliniudhi kuliko kosa. "Darasa la kwanza si wanafundishwa a, e, i, o, u?"

"Hizo walishamaliza. Ungekwenda hata mara moja kuchonga penseli, ungejua. Ulimfunga mtoto mdomo nyumbani, ukasahau kwamba tunamlipia ada afunguliwe mdomo shuleni."

Alikaa. Alijifuta uso na kitambaa cha kazini, kikamwachia weusi kwenye paji.

"Sikiliza, mke wangu. Ningekuambia, ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana."

"Umeona?"

"Nimeona nini? Hapana ni jibu. Uliliona, hukulipenda, ukaenda kuandika lako kwa jina langu."

"Mama yuko peke yake! Nyumba nzima ile, mtu mmoja. Nikipiga simu anasema hajambo, na mimi namjua mama yangu akiwa na jambo. Na huyu hapa, wiki nzima anakuona ama umelala ama unavaa viatu. Analelewa na mdogo wako na televisheni. Kule atakuwa na mtu. Mimi nililelewa na bibi yangu, nimeharibika?"

"Ungemleta mama akae hapa."

"Hataki."

"Ungehamia wewe. Majokofu hayaharibiki kule?"

Alikunja kitambaa chake. Kwa kweli hakuwa mwanamume mbaya mpaka hapo, na labda hata baada ya hapo. Hanipigi, halewi, mshahara wake naujua. Ndiyo maana sikuwa na mahali pa kuiweka hii. Kama angekuwa mlevi, ningesema ni pombe.

"Mimi kukosa muda na mtoto ni jambo la kuzungumza," nilimwambia. "Ungelileta, lingeniuma, tungelizungumza. Lakini umemwambia mwanangu simtaki."

"Sikusema humtaki! Nilisema umekubali."

"Kwa mtoto wa miaka saba tofauti yake ni ipi? Mpigie mama."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Weka sauti juu."

Mama mkwe alipokea haraka, kama aliyekuwa amekaa na simu mapajani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha hakunipa nafasi.

"Mkwe wangu! Mwanangu! Nilitaka nikupigie siku nyingi nikushukuru, huyu akanikataza, akasema nikikutajia utalia. Nikasema basi, nisimlize mtoto wa watu. Chumba nimeshakipaka rangi. Ya njano. Anapenda njano?"

Nilimtazama mume wangu. Kila mahali alikopita alikuwa ameniacha nikilia.

"Anapenda, Mama. Lakini kuna jambo sikulisema, nikasemewa. Mimi sikukubali mtoto ahame. Sikuulizwa kabisa. Nimesikia leo shuleni."

Nilisikia kwa mbali redio yake, mtu anasoma bei za mazao.

"Hukusema?"

"Sikusema, Mama."

"Na ile ya kwamba ulinionea huruma tangu mzee aondoke?"

"Nakuonea huruma, Mama. Lakini mtoto sikumtoa."

Akasema kwa sauti ndogo, na hapa ndipo alipokaribia kunishinda, "Ungekubali tu, mwanangu. Kwa kuwa majirani wote nimeshawaambia. Na mtoto mwenyewe ameshajua. Nitasema nini mimi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi safi ya fundi wangu. Kila mtu alikuwa na ahadi yangu mkononi isipokuwa mimi. Mwalimu alikuwa nayo, shule ya kule ilikuwa nayo, mwanangu alikuwa nayo, mjane amepaka rangi kwa ahadi yangu. Nikiikataa, mimi ndiye ninayevunja. Yeye amekaa hapo na weusi kwenye paji, mikono yake safi.

"Utasema mwanao alisema kisichokuwa kweli," nilimjibu. "Chiriku atakuja likizo. Nitamleta mwenyewe na tutalala chumba cha njano. Lakini shule zikifunguliwa atakuwa hapa. Samahani sana, Mama."

"Mpe simu mwanangu," alisema.

Mume wangu alitoka nayo nje. Nilisikia "ndiyo, Mama" nyingi, na "si kwa ubaya, Mama" kadhaa.

Asubuhi, kabla ya kazi, nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikafuta uhamisho. Hilo halikuchukua hata muda wa kukaa. Jioni nilimwambia Chiriku mwenyewe, kwa maneno mafupi: huendi, utabaki, mimi sikuwahi kukubali uende, baba alikosea.

"Kwa hiyo ulitaka nikae?"

"Siku zote."

Alinikumbatia shingoni kwa nguvu, kisha akajitoa, uso umembadilika. "Basi nilisema uongo."

"Hukusema uongo. Uliambiwa vibaya."

"Nilisema shule, nikashukuriwa! Mwalimu alisema akisema mtu habari ya uongo hapewi zamu. Watasema Chiriku mwongo!" Hapo ndipo alipolia, si kwa chumba cha njano, si kwa bibi. Alilia kilio cha mtu aliyeharibiwa jina.

Nilimngoja baba yake aingie, nikamwambia mbele ya mtoto: "Jumatatu wewe ndiye mzazi wa zamu. Utasimama wewe useme habari yako. Mtoto hataibeba."

"Nitasema," alijibu. Akapiga magoti, akamwambia, "Mama, baba atakwenda kuirekebisha, sawa?" Chiriku akaitikia kwa kichwa. Nami, nasema ukweli, nililala nikiwa na nafuu. Nilifikiri mtu akikubali kusimama mbele ya watoto wadogo wanaoulizana kama habari ni ya kweli, atasema ya kweli.

Jumatatu tulikwenda wote watatu. Nilibadilisha zamu ili niwepo. Tulikaa nyuma kwenye viti vidogo, magoti ya mume wangu yakiwa karibu na masikio, watoto wakigeuka kumtazama na kuchekeana. Akachonga penseli kadhaa, vibaya. Mwalimu alipofungua kipindi aliniangalia mimi kwanza, nikamwonyesha mume wangu kwa kidevu.

"Leo tunaanza na mgeni. Baba Chiriku ana habari."

Alisimama. Ana sura ya kupendwa na watu, hata mimi ndiyo iliyonipata. Akawasalimu, wakaitikia kwa nguvu, akawauliza kama wanajua ndani ya jokofu taa huzimwa na nani, wakacheka. Kisha akasema, kwa utulivu kabisa:

"Haya. Mimi na mama yake Chiriku tulikuwa tumekubaliana kwamba Chiriku aende akakae na bibi. Alichowaambia mwenzenu kilikuwa sahihi. Sasa tumekaa tena, mimi na mama yake, tumebadilisha mawazo. Atabaki na nyinyi. Ndiyo habari yetu."

"Asante kwa habari!" Makofi. Mmoja akapiga mbinja.

Alinigeukia akitabasamu, akitaka nione kwamba amemwokoa mtoto. Na kweli, hakuna aliyemwita Chiriku mwongo. Alikuwa ameyapanga vizuri, kila mtu ametoka safi. Nilikuwa nimeshasemewa tena kwamba nilikubali, mara ya pili, mbele ya macho yangu.

Kisha nikamwona Chiriku. Alikuwa hapigi makofi. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamrudia yeye. Nilimwambia sikuwahi kukubali. Baba yake amesema tulikubaliana. Anajua hesabu za kutosha kujua kwamba mmoja wetu amemdanganya, na hajui ni yupi. Mkono wake ukaanza kupanda.

"Mwalimu," alisema akisimama. "Hiyo ni ya kweli?"

Mwalimu alinigeukia mimi. Mume wangu alicheka kidogo. "Mama, kaa chini, baba ameshasema."

Nikasimama mimi. Kiti kiliganda nyuma yangu, ikabidi nikibandue kwanza.

"Mwalimu, na mimi nina habari. Baba yake Chiriku, kabla ya wiki hii, alikuja hapa shuleni akasema mimi nimekubali mtoto wangu ahame. Sikukubali. Sikuulizwa. Mtoto alisema alichoambiwa, na yeye hana kosa. Hatujabadilisha mawazo, maana hatukuwahi kuwa na wazo moja."

Hakuna aliyesema asante. Watoto walimtazama mwalimu wajue kama wanatakiwa. Mapacha walikuwa wamefungua midomo kwa namna moja.

"Mama Chiriku," mume wangu alisema kwa sauti ya chini, "mbele ya watoto?"

"Ndipo uliposema wewe."

Aliweka kichongeo mezani kwa mwalimu, akaomba samahani, sikujua kwa nani, akatoka. Mwalimu akampa nafasi mtoto mwingine haraka, akasema kitu kuhusu baiskeli ya mjomba wake, darasa likashukuru kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wakati wa mapumziko Chiriku alikuja mahali nilipokuwa nimesimama, kwenye kivuli cha ukuta. Nilidhani atanishika mkono. Hakunishika.

"Baba amekwenda wapi?"

"Kazini."

"Atarudi nyumbani?"

"Atarudi."

"Umejuaje?"

Nikataka kumjibu kwamba najua tu, kama ninavyomjibu mambo mengi. Nikashindwa. "Nadhani atarudi," nilisema.

Akavuta sikio. Alikuwa na chaki kwenye shavu, nikanyoosha mkono nimfute, akajifuta mwenyewe.

"Mimi sasa nitakuwa nauliza wote wawili," alisema. "Baba akiniambia kitu, nitakuja kukuuliza wewe. Wewe ukiniambia, nitakwenda kumuuliza baba."

"Na mimi, Chiriku? Mimi nimekuambia kweli."

"Ndiyo," alisema, bila ubaya wowote. "Nitamuuliza."

Kisha akakimbia kuwahi mstari wa maji.